Namna ya kudai nafuu ya kodi baada ya kuunguliwa na moto wa nyika Los Angeles

Moto wa Palisades na ule wa Eaton ilianza siku moja, tarehe 7 Januari 2025, na kwa pamoja iliteketeza zaidi ya majengo 16,000 katika kaunti ya Los Angeles, hasa Pacific Palisades, Malibu na Altadena. Mwongozo huu umeandikwa kwa msomaji wa Kiswahili aliyekuwa akiishi huko, awe mwenye nyumba au mpangaji, na kwa ndugu anayemsaidia kupanga makaratasi yake. Unahusu kodi tu: jinsi ya kupima hasara kwa kipimo cha sheria, mwaka gani wa kuidai, fomu gani za kujaza, na malipo gani yasiyotozwa kodi.

Jambo moja linapaswa kueleweka kabla ya mengine yote, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Sheria ya kodi ya Marekani haipimi hasara kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa siku moja kabla ya moto, wala kwa gharama ya kuijenga upya leo. Inaanza na fedha ulizotoa wewe mwenyewe kuipata mali hiyo, kisha inatoa fidia uliyopokea. Ndiyo maana mtu aliyepoteza kila kitu anaweza kukuta kwamba, machoni pa sheria, amepata faida, na jirani yake mpangaji aliyepoteza vitu vichache akawa ndiye mwenye hasara ya kudai. Wote wawili wana nafuu zao, lakini ni nafuu tofauti. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwanza, fomu zifuate.

Je, janga lako linatambuliwa?

Tangu mwaka 2018, hasara ya mali ya matumizi binafsi inaweza kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi pale tu inapotokana na janga lililotangazwa na Rais wa Marekani. Mioto ya Los Angeles ilitangazwa tarehe 8 Januari 2025, na namba yake katika orodha ya FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, ni DR-4856-CA. Iandike namba hiyo mahali utakapoiona, kwa sababu itahitajika kwenye fomu. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 sheria imepanuliwa ikajumuisha pia majanga yanayotangazwa na serikali za majimbo, lakini kwa mioto hii tangazo la Rais linatosha.

Mioto hii imo pia katika kundi la majanga yenye masharti mepesi zaidi, baada ya sheria ya tarehe 4 Julai 2025 kuongeza muda wa masharti hayo. Kwa kawaida mtu huondoa kwenye hasara yake dola 100 kwa kila tukio, kisha asilimia 10 ya mapato yake yaliyorekebishwa, na kinachobaki hukidai ikiwa tu anaorodhesha moja moja makato yake, yaani matumizi ambayo sheria inaruhusu yaondolewe kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa. Kwa janga la kundi hili unaondoa dola 500 tu, ile asilimia 10 haipo, na hasara unaijumlisha na makato ya kawaida, yaani kiasi maalumu ambacho kila mlipakodi anakipata bila kuorodhesha chochote. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa kawaida tofauti hii ni kubwa sana, maana chini ya kanuni ya zamani asilimia 10 peke yake ingemeza sehemu kubwa ya hasara ya mpangaji.

Gharama ya msingi

Gharama ya msingi ni bei uliyonunulia mali, ukiongeza matengenezo makubwa yaliyoipandisha thamani, kama chumba kilichoongezwa, paa jipya au mfumo mpya wa umeme. Kupaka rangi na kuziba bomba linalovuja havihesabiwi. Hasara ni kiasi kilicho kidogo kati ya gharama hiyo ya msingi na jinsi thamani ya soko ilivyoshuka kwa sababu ya moto, ukitoa fidia ya bima na malipo mengine ya kurudishia mali. Fidia ikizidi gharama ya msingi, hiyo ni faida.

Tuchukue mfano wa mume na mke walionunua nyumba Altadena mwaka 1989 kwa dola 160,000, kisha wakatumia dola 60,000 kwa miaka iliyofuata kuongeza chumba na kubadilisha paa. Gharama yao ya msingi ni dola 220,000. Bima ikiwalipa dola 780,000 kwa ajili ya nyumba, sheria inasema wamepata faida ya dola 560,000, ijapokuwa wanalala kwenye nyumba ya kupanga na kiwanja chao kimebaki majivu. Hawana hasara ya kudai kwa nyumba hiyo, na wakijaza fomu kana kwamba wanayo, dai lao litakataliwa.

Hata hivyo, faida hiyo haimaanishi kwamba wanadaiwa kodi. Nyumba iliyoteketea huhesabiwa kama iliyouzwa, na mtu aliyeimiliki na kuishi humo kama makazi yake makuu kwa angalau miaka 2 kati ya 5 iliyotangulia anaruhusiwa kuondoa faida ya hadi dola 250,000 kwenye mapato yake, au hadi dola 500,000 kwa mume na mke wanaowasilisha ritani moja, yaani taarifa ya kodi ya mwaka. Wanandoa wa mfano wetu wanaondoa dola 500,000 na kubakiwa na faida ya dola 60,000. Hiyo nayo inaweza kuahirishwa iwapo watajenga upya au kununua makazi mengine ndani ya miaka 4 baada ya kwisha kwa mwaka wa kodi ambamo faida ilianza kupatikana. Kama malipo ya bima yalivuka gharama ya msingi mwaka 2025, muda huo unakwisha tarehe 31 Desemba 2029. Ili kuahirisha faida yote iliyobaki, watahitaji kutumia kwenye makazi mapya angalau dola 280,000, yaani 780,000 ukitoa zile 500,000 zilizokwisha kuondolewa.

Mtu asiye na mwenzi, mwenye hesabu hiyohiyo, anaondoa dola 250,000 tu. Hubakiwa na faida ya dola 310,000 na atatakiwa kutumia angalau dola 530,000 kwenye makazi mapya ili asitozwe. Hapa wajane, wagane na warithi wasikubali hesabu ya harakaharaka. Nyumba iliyorithiwa haibaki na bei ya mwaka ilipojengwa au kununuliwa: gharama yake ya msingi hupandishwa hadi thamani ya soko ya siku mmiliki alipofariki. Na California, kwa mali iliyokuwa ya pamoja ya mume na mke kwa mujibu wa sheria ya ndoa ya jimbo, mmoja akifariki nusu zote mbili hupandishwa, hata ile ya aliyebaki hai. Mjane aliyefiwa mwaka 2018, nyumba ikiwa na thamani ya dola 700,000 siku hiyo, anaanza hesabu na 700,000 wala si 220,000, na faida yake inashuka kutoka dola 560,000 hadi 80,000. Altadena ina nyumba nyingi zilizopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, na kwa familia kama hizo swali la kwanza la kumuuliza mtaalamu wa kodi ni hili: thamani ya nyumba ilikuwa kiasi gani siku mzee alipofariki, na ni nani anaweza kuithibitisha kwa tathmini iliyoandikwa?

Bima pia hulipa sehemu nyingine mbili, na kila moja ina kanuni yake. Malipo ya vitu vya ndani ya makazi makuu ambavyo havikuorodheshwa kimoja kimoja kwenye mkataba wa bima hayatozwi kodi katika janga lililotangazwa na Rais, hata yakizidi gharama ya vitu hivyo. Malipo ya gharama za ziada za maisha, yaani hoteli, nyumba ya kupanga, chakula cha kununua na usafiri ulioongezeka, hayatozwi kwa kiwango kinacholingana na ongezeko halisi la gharama zako. Kama matumizi yako yaliongezeka kwa dola 4,000 kwa mwezi na bima ikakulipa 4,500, zile 500 za ziada ni mapato.

Wapangaji na vitu vya ndani

Mpangaji asiye na bima ndiye mara nyingi mwenye hasara halisi ya kodi, naye ndiye mara nyingi anayeambiwa kwamba hana cha kudai kwa sababu nyumba haikuwa yake. Hilo si kweli. Kitanda, sofa, runinga, kompyuta, nguo, vyombo vya jikoni, zulia na cherehani ni mali yake, na vyote vinahesabiwa.

Fanya hivi. Chukua daftari au fungua lahajedwali, kisha uorodheshe vitu chumba kwa chumba, kila kitu kwenye mstari wake: ulikipata lini, ulilipa kiasi gani, na kingegharimu kiasi gani kukinunua kipya leo. IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, ina kijitabu cha bure kiitwacho Publication 584 chenye majedwali ya kila chumba, nacho husaidia kukumbuka yale ambayo mtu huyasahau, kama mapazia, mashuka, viatu vya watoto na vitu vilivyokuwa kabatini. Pitia picha za zamani kwenye simu na kwenye simu za jamaa. Picha za sherehe ya kuzaliwa au za Idi huonyesha sebule nzima nyuma ya watu. Kumbukumbu za manunuzi ya mtandaoni na taarifa za benki zitakupa tarehe na bei.

Kupata thamani ya soko ya vitu vilivyotumika ni kazi ngumu, kwa hiyo IRS inaruhusu njia fupi kwa majanga yaliyotangazwa na Rais. Unachukua bei ya leo ya kukinunua kitu kama hicho kipya, unapunguza asilimia 10 kwa kila mwaka uliokuwa nacho, na kitu cha miaka 9 au zaidi hubaki na asilimia 10 ya bei hiyo. Sofa inayouzwa leo dola 2,000, uliyokuwa nayo miaka 3, inapunguzwa asilimia 30 na kubaki na thamani ya dola 1,400. Lakini ile kanuni ya kiasi kidogo bado ipo: kama sofa hiyo uliinunua kwa mtu kwa dola 600, hasara yako ni 600. Kama uliinunua dukani kwa 1,900, hasara ni 1,400. Njia hii haitumiki kwa magari, matrela, mashua na vitu vya kale ambavyo thamani yake hupanda kadiri miaka inavyopita. Hivyo vinahitaji tathmini yake yenyewe.

Kanga za bibi, barua na picha za harusi ya wazazi zinaweza kuingia kwenye orodha, lakini kipimo cha kodi kwa vitu hivyo ni gharama iliyotolewa kuvipata, na mara nyingi ni ndogo sana. Ni vigumu kuikubali hesabu ya namna hiyo, nami sioni njia ya kuifanya iwe nyepesi. Viorodheshe kwa bei yake ya kweli, usiikuze. Orodha yenye bei za kweli hulindwa kwa urahisi pale afisa wa kodi anapouliza.

Fidia inayopunguza hasara, na isiyoipunguza

Kama una bima, lazima upeleke madai yako kwenye kampuni. Sehemu ya hasara ambayo bima ingeilipa haiwezi kudaiwa kwenye kodi ikiwa uliacha kuidai kwa hiari yako. Na kama madai bado yanashughulikiwa na kuna matumaini ya kweli ya kulipwa, sehemu hiyo nayo husubiri hadi ijulikane. Ukidai hasara leo kisha fidia ikaja mwakani, kiasi kilichokupunguzia kodi hurudi kuwa mapato ya mwaka ulipolipwa.

Fedha za FEMA hazitozwi kodi. Zikitolewa kwa ajili ya kukarabati nyumba au kununua vitu vilivyoungua, zinapunguza hasara yako. Zikitolewa kwa ajili ya kodi ya pango au mahitaji ya dharura, haziigusi. Msaada wa mwajiri kwa gharama za lazima za kibinafsi zilizosababishwa na janga nao hautozwi kodi, lakini mshahara wa kawaida unaolipwa wakati umekosa kazi unabaki mshahara.

Michango ya ndugu, jamaa, msikiti, kanisa na chama cha watu wa nyumbani inahitaji neno la peke yake, kwa kuwa katika jamii zetu ndiyo hufika kwanza. Zawadi ya mkono kwa mkono kutoka kwa watu waliokuhurumia si mapato, hata kama ilikusanywa kwa harambee ya mtandaoni. Na ikiwa ilitolewa bila sharti la matumizi, haipunguzi hasara unayodai, hata ukiitumia kununua kitanda kipya. Hifadhi tu ujumbe au ukurasa wa harambee unaoonyesha kwamba ilikuwa zawadi, kwa sababu wakati mwingine majukwaa ya michango hutoa fomu 1099-K inayofanana na taarifa ya mapato ya biashara. Kwa upande wa waliotoa, mchango kwa mtu binafsi hauwapi punguzo la kodi. Punguzo hupatikana kwa kuchangia shirika la hisani lililosajiliwa.

Kuchagua mwaka

Sheria inakupa hiari ambayo wengi hawaitumii. Hasara ya janga lililotokea mwaka 2025 unaweza kuidai kwenye ritani ya 2025 au kuirudisha kwenye ritani ya 2024, kana kwamba ilitokea mwaka uliotangulia. Uamuzi wa kuirudisha nyuma unapaswa kufanywa kufikia tarehe 15 Oktoba 2026, na ukibadili mawazo unaweza kuufuta ndani ya siku 90 baada ya tarehe hiyo.

Kigezo ni mapato. Aliyefanya kazi mwaka mzima wa 2024, kisha akapoteza saa za kazi au kazi yenyewe baada ya moto, kwa kawaida alilipa kodi zaidi mwaka 2024, na hasara itamfaa zaidi huko. Mfano: mpangaji asiye na mwenzi, mwenye mapato ya dola 52,000 mwaka 2024, aliyepoteza vitu vyenye hasara ya dola 18,000 na hakuwa na bima. Akitoa dola 500 hubaki na 17,500. Makato yake ya kawaida ya 2024 ni 14,600, jumla 32,100. Mapato yanayotozwa yanashuka kutoka 37,400 hadi 19,900, na kodi ya serikali kuu inashuka kutoka dola 4,256 hadi 2,156. Kama kodi ya 2024 ilikwisha kukatwa kwenye mshahara wake, atarudishiwa dola 2,100. Lakini kama mwaka huo mapato yako yalikuwa madogo kiasi kwamba hukudaiwa kodi yoyote, kuirudisha hasara nyuma hakukuletei kitu, na ni afadhali uipime dhidi ya 2025.

Kujaza fomu

Fomu ya hasara ni 4684. Mali ya matumizi binafsi hujazwa sehemu yake ya kwanza, Section A, na juu yake kuna mahali pa kuandika namba ya janga, yaani DR-4856. Anayechagua kuirudisha hasara mwaka 2024 hujaza pia Section D, kisha huambatisha fomu hiyo kwenye ritani ya marekebisho, Fomu 1040-X, kwa mwaka huo. Anayedai mwaka 2025 huiambatisha kwenye ritani yake ya 2025.

Hatua inayokosewa mara kwa mara ni ya kuhamisha jumla kutoka Fomu 4684 kwenda kwenye ritani. Hata kama huorodheshi makato mengine, utatumia Schedule A, jedwali la kuorodhesha makato, na kwenye mstari wa 16 utaandika kwa Kiingereza maneno "Net Qualified Disaster Loss" pamoja na kiasi cha hasara, kisha "Standard Deduction Claimed With Qualified Disaster Loss" pamoja na makato yako ya kawaida. Jumla ya hivyo viwili ndiyo inayokwenda kwenye Fomu 1040 badala ya makato ya kawaida peke yake. Programu nyingi za kodi hufanya hivi zenyewe mtu akijibu maswali ya janga, lakini kabla ya kutuma fungua nakala ya ritani uone mstari huo kwa macho yako.

Mwenye namba ya ITIN, ile ya mlipakodi asiye na namba ya hifadhi ya jamii, anaweza kudai hasara hii kama mlipakodi mwingine. Nyumba ya kupangisha na mali ya biashara hujazwa sehemu ya pili ya fomu, na kwa hizo kanuni ya dola 500 haihusiki.

Ritani ya jimbo la California ni hesabu nyingine, kwani California haikufuata masharti mepesi ya serikali kuu. Kwake hukatwa dola 100 na asilimia 10 ya mapato, na ni lazima uorodheshe makato. Usikate tamaa kwa kuona hivyo. Mpangaji wetu mwenye mapato ya dola 52,000 na hasara ya 18,000 atatoa 100, kisha 5,200, na kubaki na 12,700, wakati makato ya kawaida ya jimbo kwa mtu mmoja mwaka 2024 yalikuwa 5,540 tu. Kuorodhesha kunamlipa. Jimbo pia linaruhusu kuirudisha hasara mwaka uliotangulia.

Malipo ya moto na mashauri ya mahakamani

Sheria iliyotiwa saini tarehe 12 Desemba 2024 iliondoa kodi ya serikali kuu kwenye malipo ya fidia kwa waathirika wa moto wa nyika uliotangazwa kuwa janga baada ya mwaka 2014, ikiwa ni pamoja na malipo ya gharama za maisha, ujira uliopotea, maumivu na huzuni, mradi hasara hiyo haikulipwa na bima. Msamaha huo, kama ulivyoandikwa, unahusu malipo yaliyopokelewa kuanzia mwaka 2020 hadi mwisho wa 2025. Anayelipwa baada ya hapo, kwa mfano kutoka kwa kampuni ya umeme au kwa hukumu ya mahakama, amtake wakili wake amweleze kwa maandishi, kabla ya kutia saini, kila sehemu ya malipo inafidia nini na itatozwaje kodi. Mali, makazi na maumivu havitozwi kwa namna moja, na sehemu inayokwenda kwa wakili nayo inaweza kuhesabiwa kuwa yako. Tena, ukipata malipo yaliyosamehewa kodi huwezi kuidai hasara ileile kwa mara ya pili.

Kodi ya majengo ya kaunti

Mwenye nyumba asisahau ofisi ya mthamini wa kaunti. Nyumba ikiharibika kwa kiasi cha dola 10,000 au zaidi, unajaza dai la maafa, Fomu ADS-820, ndani ya miezi 12 tangu siku ya uharibifu, ili thamani inayotozwa kodi ishushwe kwa kipindi ambacho nyumba haipo. Ukijenga upya nyumba inayolingana na ile ya zamani, thamani yako ya awali hurudi, na hutozwi kama mtu aliyenunua leo. Kwa familia iliyoishi mahali pamoja kwa miaka 30 huenda hii ikawa nafuu kubwa kuliko zote. Anayeamua kuhama anaweza, kwa masharti, kuhamisha thamani hiyo kwenda kwenye nyumba nyingine. Aulize kabla ya kununua.

Nyaraka zilizoungua, na tarehe zilizosogezwa

IRS hutoa bure nakala za ritani za zamani kwa waathirika. Fungua akaunti kwenye tovuti yake, au jaza Fomu 4506-T kwa muhtasari, au Fomu 4506 kwa nakala kamili, na juu yake uandike kwa herufi nzito "California, wildfires and straight-line winds" ili usitozwe ada na ombi lako litangulizwe. Mkataba wa ununuzi wa nyumba hupatikana kwa kampuni iliyosimamia mauzo au kwa benki iliyokukopesha, na hati yenyewe kwa msajili wa kaunti. Fundi aliyejenga chumba cha ziada anaweza kukuandikia barua yenye tarehe na gharama, na ofisi ya vibali vya ujenzi huwa na kumbukumbu ya kibali.

Kwa wakazi wa kaunti ya Los Angeles, tarehe za kuwasilisha ritani na kulipa kodi zilizoangukia kuanzia 7 Januari 2025 zilisogezwa hadi 15 Oktoba 2025, kwa serikali kuu na kwa jimbo pia. Ukipokea barua ya adhabu kwa ucheleweshaji wa kipindi hicho, usilipe kabla ya kupiga simu kwenye namba iliyo juu ya barua na kueleza kwamba ulikuwa ndani ya eneo la janga. IRS ina simu maalumu ya maafa, 866-562-5227, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Aliyekuwa na kumbukumbu zake za kodi ndani ya eneo la janga lakini anaishi nje yake naye alistahili, ila yeye alipaswa kupiga simu mwenyewe.

Waliotoa fedha kwenye akiba ya uzeeni mwaka 2025 kwa sababu ya moto, hadi dola 22,000 kwa utaratibu wa maafa, hawakatwi ile adhabu ya asilimia 10. Wanaweza kuyagawa mapato hayo kwa miaka 3 na kuyarudisha ndani ya miaka 3 kwa Fomu 8915-F.

Msaada wa bure wa kujaza ritani za kawaida hutolewa na wahudumu wa VITA, mpango wa IRS wa watu wanaojitolea, ijapokuwa vituo vingi havishughulikii hasara za maafa, hivyo uliza kwanza. Ukimlipa mtu, hakikisha ana namba ya PTIN, ambayo IRS huwapa wanaolipwa kuandaa ritani, anatia saini ritani yako, na hadai asilimia ya fedha utakazorudishiwa.

Mwenye nyumba aliyeahirisha faida kwa kujenga upya aweke faili moja lenye orodha ya fidia zote, risiti za ujenzi na ritani ya mwaka huo, na asilitupe. Kiasi cha faida kilichoahirishwa hupunguzwa kwenye gharama ya msingi ya nyumba mpya, na siku itakapouzwa, na yeye au na mtoto wake, hesabu itaanzia kwenye karatasi hizo.